Mpiga Dawa Asiyeonja Chapati Zangu

Nina hoteli ya chai na chakula pale Karatu, karibu na uwanja wa mnada, na katika mji huu si rahisi kumpata mtu ambaye hajala chapati yangu. Madereva wa watalii wamekula. Wachuuzi wa vitunguu kutoka Mang'ola wamekula. Padre amekula, kisha akaomba afungiwe nyingine za kwenda nazo. Aliyekuwa hajala ni mtu mmoja tu, na huyo ndiye aliyekuwa akiingia jikoni kwangu kila mwezi, akiinama chini ya meza na kuchungulia nyuma ya friji, mpaka akaijua stoo yangu kuliko mke wangu anavyoijua. Jina lake ni Antonia. Mjini wanamwita Mama Dawa. Mimi namwita dada, kwa kuwa wote wawili tumezaliwa Endamarariek na tulichunga mbuzi pamoja.

Kazi yake ni kupambana na wadudu na panya kwenye sehemu za chakula: majiko ya loji, viwanda vidogo vya mikate, mashine za kusaga, maghala ya mbaazi, na hoteli za watu wa kawaida kama mimi. Anakuja na pikapu yake, amevaa ovaroli ya bluu, buti za mpira na glavu, na bomba la kupulizia mgongoni. Kunong'ona hajui. Akikuta mende jikoni kwako, hata mtu anayepita barabarani atapata habari. Mimi siku moja aliniuliza, wateja wakisikia, mende wale wananilipa kodi ya pango au wanakaa bure kama ndugu. Nilinuna mpaka jioni. Lakini nilisafisha nyuma ya friji.

Zamani alikuwa mpishi kwenye loji moja huko juu, ukingoni mwa kreta. Watu wa dawa walipokuja kutoka Arusha, jiko lilifungwa na wapishi wakatolewa nje wakakae kwenye majani waote jua. Wenzake walifurahia mapumziko. Antonia alibaki dirishani akiuliza maswali: hii ni ya nini, kwa nini unaiweka pale na si hapa, huyu mdudu amepitia wapi? Aliwasumbua mwaka hadi mwaka, mpaka mmoja wao akamwambia kama anataka kujua kila kitu akasome. Akaenda kusoma. Alirudi na leseni na bomba jipya, na mumewe Joseph, mkulima wa mbaazi asiyependa maneno mengi, akampigilia msumari kwenye ukuta wa stoo yao nyumbani ili apate pa kulitundika.

Anaitwa Mama Dawa, lakini dawa yenyewe haipendi sana. Akifika kwako anaanza kwa kuomba ufagio. Anakuonyesha unga uliomwagika pembeni ya gunia, pipa la taka lisilo na mfuniko, mwanga unaopenya chini ya mlango. Panya, anasema, akiona mwanga chini ya mlango anajua amekaribishwa. Anaziba matundu kwa waya wa kusugulia masufuria, anatega mitego ya kubana, na akifikia dawa anaweka jeli kidogo kidogo kwenye bawaba na nyufa, kama mtu anayetia chumvi mboga ya mgonjwa. Bomba lina siku zake, kwa mfano pale kwenye mashine ya kusaga kijijini Daa, dumuzi, wale wadudu wanaotoboa nafaka, walipovamia ghala la mahindi hadi magunia yakawa yanapumua. Siku hiyo alifukuza watu wote, akafunga milango, na hakumruhusu mwenye mashine kurudi mpaka yeye mwenyewe aliporidhika. Mwenye mashine alilalamika. Antonia alimwambia aendelee kulalamika, ila alalamikie upande wa pili wa barabara.

Nikupe na kisa cha nyegere, maana yeye mwenyewe hukisimulia kila harusi. Shefu wa loji moja alimpigia simu kwamba kuna panya mkubwa anayefungua mlango wa stoo, anapindua mapipa na kumaliza asali. Alitaka sumu kali. Antonia akapanda mlima na pikapu yake, akatazama kucha zilizochora mlango, akacheka mpaka akakaa kwenye gunia la mchele. Alimweleza shefu kwamba mgeni wake ni nyegere, na nyegere haogopi simba, sembuse mtu mwenye kofia nyeupe. Sumu akakataa kabisa kuiweka. Huko juu panya akila sumu, bundi naye atamla huyo panya, na yeye hakwenda shule kujifunza kuua bundi. Aliwaagizia fundi awatengenezee mlango wa chuma na komeo la nje, na asali yao ikapona.

Sasa turudi kwenye chapati zangu. Kwetu mtu akikufanyia kazi haondoki midomo mikavu. Fundi bomba anapewa chai, fundi umeme anapewa ugali, hata mtu aliyekuja kukudai anakaribishwa kwanza. Ukikataa chakula cha mtu, kuna mawili: ama umemkasirikia, ama humwamini. Antonia alikuwa anakataa kila mahali. Kwenye loji wanampakulia supu, anasema ahsante. Kwenye mikate wanamfungia mkate wa moto, anasema ahsante. Kwangu nilijaribu chapati, maharage, nyama ya kuchoma, chai ya maziwa yenye tangawizi. Ahsante, kaka, siku nyingine. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na nilikuwa naumia. Mpishi akikataliwa chakula anaumia, na asikudanganye mtu.

Jambo likaharibika asubuhi moja, hoteli ikiwa imejaa. Kwa kawaida Antonia huja alasiri, wateja wakiwa wamepungua, lakini siku hiyo alikuwa na safari ya kupanda mlima akapitia mapema kuweka jeli tu kwenye makabati. Alipomaliza nikamletea chai mbele ya watu wote. Nilidhani ataona haya kukataa. Hakuona haya. Akasema ahsante, akatoka na kisanduku chake.

Kwenye meza ya mlangoni alikuwa mzee Valeriani. Huyu ni baba mdogo wa Joseph, mume wa Antonia, na anakunywa chai kwangu tangu ninapofungua mpaka gazeti limwishie. Alikitazama kikombe chake, akakisukuma katikati ya meza. Kisha akawaeleza jirani zake, taratibu, kwamba aliyeweka dawa ndiye anayejua imefika wapi, na ikiwa mwenyewe hanywi chai ya hapa, yeye Valeriani ni nani hata ainywe. Jirani yake akaweka chapati chini. Meza ya pili ikakumbuka ina haraka. Nilibaki na vikombe vimejaa na moshi unapanda.

Nilimfuata Antonia kwenye pikapu nikiwa nimewaka. Nilimwambia amenifungia biashara kwa neno ahsante. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akainua mikono yake miwili.

"Kaka Inosenti, nikiwa ndani ya ovaroli hii sinywi hata maji. Mikono hii imeshika dawa. Siogopi jiko lako, naogopa mikono yangu."

Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyofanya. Akimaliza kazi anavua, ananawa kwa sabuni mpaka viwikoni, anabadili nguo, halafu anaendesha mpaka nje ya mji na kula chakula cha nyumbani kwenye hotpoti yake, akitazama mashamba. Nikamwelewa. Wateja wangu nao walirudi baada ya siku chache, maana Karatu baridi ni kali na chai ni chai. Lakini maneno ya Valeriani hayakurudi nao. Yalitangulia Endamarariek, anakoishi Antonia.

Kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akila, watu wakajijazia wenyewe. Wakasema sumu imemwingia kwenye vidole na hata akinawa haitoki. Wakasema anakula peke yake porini ili asidhuru watu. Majirani waliomtembelea nyumbani wakaanza kuomba soda, na soda yenyewe iwe na kizibo. Antonia hakushtuka. Alidhani watu wamekuwa na maendeleo.

Binti yake, Goodness, mtoto wake wa pekee, alikuwa amepata mchumba. Kijana anaitwa Lengai, Mmasai wa Piyaya, mpishi kwenye loji moja anayohudumia Antonia. Walijuana kwa njia ya mama. Antonia alikuwa amelala chali chini ya sinki akitafuta mende, wapishi wote wamekimbia, akabaki Lengai peke yake akimshikia tochi. Alipotoka chini ya sinki alimuuliza kama ana mke. Kijana akadhani anatukanwa. Mambo mengine yaliendelea bila msaada wa tochi, na hatimaye posa ikaja, ikapokelewa, na siku ya sendofu, ya kumuaga binti kwao, ikapangwa.

Kamati ya sendofu ilikaa hotelini kwangu, mwenyekiti mzee Valeriani, kwa heshima ya ukoo. Alipendekeza tukodi ukumbi mjini na wapishi wa kulipwa. Antonia akasema hapana. Sherehe itakuwa nyumbani, Endamarariek, na atapika yeye. Alikuwa mpishi wa loji, amelisha watu waliotoka nchi ambazo sisi tunaziona kwenye ramani tu. Atashindwaje kulisha wakwe zake. Wageni wa Goodness, alisema, watakula kutoka mikononi mwake.

Kwa neno hilo la mikono wanakamati wote wakaanza kusoma maandishi kwenye chupa za soda. Alipoondoka wakaniteua mimi nikamwambie, kwa sababu tulichunga mbuzi pamoja.

Nilimkuta uani kwake anapepeta mchele. Nilizunguka maneno mpaka nikachoka, halafu nikamwambia yote: vidole, porini, vizibo vya soda. Nilitegemea apige kelele mpaka Daa wasikie. Hakupiga. Ungo ukabaki mapajani. Nilitamani anitukane.

"Kwa hiyo Naishorua atatoka Piyaya," alisema mwishowe, "aje aone majirani zangu wanakikimbia chakula changu. Na binti yangu aende kuishi na watu walioona hivyo."

Naishorua ni mama yake Lengai, mjane, na Antonia alikuwa amekutana naye mara moja tu. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma. Masengenyo ya Valeriani angeweza kuyameza, amemzoea. Lakini wakwe wakiona nyumba haina anayekula, watajiuliza wanamchukua mtoto wa nyumba gani, na Goodness atalibeba swali hilo mpaka Piyaya.

Nikamshauri basi tukodi wapishi. Akakataa. Nikamshauri walau bomba lililotundikwa kwenye ukuta wa stoo tulifiche kwangu siku hiyo. Dawa zenyewe hazikai nyumbani kwake, anazifungia ofisini mjini kwa kufuli mbili, lakini bomba huliosha na kulitundika juani kwenye ule msumari wa Joseph, na kila anayeingia uani huanza kuliona hilo. Hapo ndipo sauti yake ikarudi.

"Bomba hilo ndilo lililomsomesha Goodness. Siku anayoagwa, nilifiche kwa kosa gani?"

Nikachukua ungo nikamsaidia kupepeta.

Siku ilipofika alipika kama mtu anayejibu matusi. Pilau ya nyama iliyonukia mpaka barabarani. Ndizi za nyama, makande ya maziwa, mlenda kwa ajili ya wazee wetu wasioweza kula ugali bila mlenda, kuku, kachumbari. Mbuzi wa ndafu alisimama mezani na majani mdomoni, amekauka vizuri, anang'aa kama kiatu cha harusi. Turubai limefungwa, muziki unapigwa, Goodness amependeza hata shangazi zake wakasahau kumkosoa. Bomba lilikuwa ukutani, limeoshwa.

Wakwe walifika mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Walikuwa wametoka Piyaya alfajiri, wakavuka nyanda na kupanda milima kwenye Land Cruiser ya kukodi iliyojaa shuka, shanga na vibuyu. Naishorua akatangulia kushuka, mama mrefu, mkavu, mwenye macho ya kucheka. Antonia alikuwa amefundishwa na Lengai jinsi ya kumpokea. Mgeni akamsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," naye akajibu "Iko" kwa sauti iliyozima muziki, na upande wa wakwe wote ukashangilia.

Vibuyu vilikuwa vya maziwa mgando, yale yenye harufu ya moshi wa mti wanaofukizia vibuyu vyao. Naishorua akawamiminia watu kwa mkono wake mwenyewe. Sisi Wairaqw kwa maziwa hatuhitaji kubembelezwa. Turubai zima lilikunywa, likajifuta midomo, likaomba tena. Mzee Valeriani alisifu maziwa hayo kwa hotuba ndefu. Alisema ni maziwa ya ng'ombe anayekula majani ya Mungu, hayana kemikali, si kama vitu vya siku hizi, na huku akisema kikombe chake kilikuwa kinarudi kwenye kibuyu chenyewe.

Kisha katekista akaombea chakula, na MC akatangaza kwamba chakula kiko tayari. Wakwe waliomba kunawa mikono kwanza, kwa hiyo Goodness akamwongoza Naishorua kwenye ndoo yenye koki upande wa stoo, na MC akaziita meza za wenyeji zianze.

Hakuna aliyeanza. Mama mmoja alisema jino linamsumbua. Mwingine alikuwa amefunga, nami sikumbuki Kanisa kutuambia tufunge Jumamosi ile. Ndugu mmoja wa Joseph alisema daktari amemkataza wali, akapendekezewa kuku, akasema na kuku pia. Waliosimama kwenye foleni walisimama mbali na masufuria, kila mmoja akimkaribisha mwenzake atangulie. Kreti za soda zilikuwa zinapungua kwa kasi, na nilimwona mtu akichunguza kizibo kabla ya kukifungua.

Antonia alikuwa nyuma ya sufuria la pilau, ameshika upawa, amevaa kitenge kipya na kilemba. Tabasamu lilikuwa bado usoni lakini halikuwa na mtu ndani. Nilikasirika, nikachukua sahani ili nitangulie mimi. Lakini mimi ni kaka yake wa kijijini na mwanakamati. Nikila mimi nitathibitisha nini? Nilikuwa bado nasita na sahani yangu tupu nilipoona watu wamegeuka kutazama stoo.

Naishorua alikuwa anakuja huku amebeba bomba mgongoni. Alikuwa ameliteremsha kwenye msumari, akapitisha mikanda mabegani juu ya shuka yake ya bluu na shanga zake zote, akakaza vizuri kabisa pasipo kusaidiwa, na alikuwa anatembea katikati ya turubai mkono wa kushoto ukipampu hewa. Alikuwa anacheka. Lengai alisimama ghafla akamwita "Yeyo," kwa sauti ya mtoto anayeaibishwa na mama yake hadharani. Naishorua hakumjali. MC akampa kipaza sauti.

"Nimemuuliza Goodness hii bomba ni ya nani," Naishorua alisema, "akaniambia ni ya mama. Nimefurahi sana. Mimi pia niko nayo nyumbani, kama hii hii. Tangu mzee wangu alifariki, ng'ombe wa maziwa napulizia mwenyewe, dawa ya kupe. Nikipuliza sikuli kitu mpaka nioge. Na sikamui mpaka siku yake ifike. Hiyo ndiyo kazi."

Akalitazama turubai, sahani tupu na chupa za soda. Mama huyu amekaa na ng'ombe maisha yake yote. Anamjua mnyama anayeogopa maji ya kunywa. Macho yake yakasimama kwa mzee Valeriani, aliyekuwa na maziwa kwenye masharubu.

"Baba," akamuuliza kwa upole, "yale maziwa yangu, tumbo inauma?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Joseph. Yule mtu mpole, ambaye siku ya posa alisema maneno machache kuliko mbuzi, alianza kucheka kwa ndani, akashika meza, akashindwa kujizuia, na kicheko chake kikawafungulia wengine. Turubai likacheka. Wakwe wakacheka bila kujua sababu. Valeriani akakitazama kikombe, akamtazama Naishorua, na lazima nimsifu, kwa sababu angeweza kununa. Alisema tumbo haliumi, tena linauliza kama kibuyu kimebaki na kitu.

Naishorua akavua bomba, akampa Lengai alirudishe ukutani. Halafu, watu wote wakimwangalia, akarudi kwenye ndoo akanawa tena kwa sabuni, taratibu, mpaka viwikoni, kwa sababu alikuwa ameshika bomba. Hakuna hotuba iliyonikaa kichwani siku ile kuliko kunawa kule. Kisha akaenda moja kwa moja mpaka kwenye sufuria, akachukua sahani.

"Mama Goodness, niwekee. Nyama usinihurumie."

Antonia akampakulia. Pilau nyingine ilianguka mezani, kwa mtu ambaye angenigombeza mwezi mzima kwa punje moja sakafuni. Naishorua hakwenda kukaa. Alikula pale pale, amesimama, akitikisa kichwa, akamwambia jambo kwa Kimaasai ambalo hakuna aliyelitafsiri na halikuhitaji. Antonia alilia. Alilia waziwazi, machozi yakichanganyika na mvuke wa pilau, na hakuficha.

Baada ya hapo sikuona foleni, niliona mnada. Jino la yule mama lilipona. Aliyefunga alifungua. Yule aliyekatazwa wali na daktari alionekana mara mbili kwenye wali na mara nyingine kwenye ndafu, na mzee Valeriani akapita akiwahimiza watu wasione haya, kana kwamba yeye ndiye aliyepika. Mpaka jua linainama sufuria zilikuwa zimekwanguliwa, na kelele za upawa kwenye ukoko zilimfurahisha Antonia kuliko muziki wa MC.

Mwisho wa sherehe nilimkuta kwenye kigoda nyuma ya jiko, amevua viatu. Hakikubaki chakula hata cha kuonja. Alikuwa na njaa na alikuwa na furaha, na vyote viwili vilimtuliza. Sasa, mtu aliyekaa kwenye kamati nyingi kama mimi anajua kwamba wanakamati hula mwisho, na mara nyingi mwisho hauna kitu. Kwa hiyo huwa nakwenda na hotpoti yangu garini. Nikaileta. Ndani mlikuwa na chapati zangu na maharage ya nazi. Nikaifungua mbele yake.

Aliitazama hotpoti. Alitazama kitenge chake, mikono yake iliyooshwa, na ukuta wa stoo ambako bomba lilikuwa limerudi mahali pake. Akachukua chapati, akaikunja, akachovya maharage, akala huku amefumba macho. Nilisubiri kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Chumvi imezidi, kaka," akasema. Kisha akachukua nyingine, akachukua na ile niliyokuwa nimejiwekea mimi.

Nilifurahi mno, na nimepunguza chumvi.

Wiki iliyofuata alikuja hotelini kikazi, ovaroli, buti, glavu, sauti ile ile. Aliniuliza yule panya wa stoo ameshajiandikisha kupiga kura au bado. Alipomaliza nikampelekea chai, kwa mazoea tu, naye akasema ahsante, siku nyingine. Mteja mmoja mgeni, dereva wa lori la ngano, alikuwa ameinua kikombe akasita. Akauliza kwa nini yule mama anaikataa chai ya hapa, kuna nini jikoni.

Mzee Valeriani hakuinua hata uso kutoka kwenye gazeti. "Yuko kazini huyo," akamwambia. "Wewe kunywa." Akavuta kikombe chake akanywa.